Goti linalofikiri, na mvaaji anayechoka akili

Mtazame mtu aliyekatwa mguu juu ya goti, anayetembelea goti bandia la kawaida, lisilo na umeme. Macho yako chini. Ukimuuliza jambo njiani, huenda akasimama kwanza ndipo akujibu. Anaihesabu kila hatua, kwa sababu goti likikunjika kabla ya wakati wake, ataanguka.

Mwaka 1997 kampuni ya Ottobock ilitoa C-Leg, goti lenye kompyuta ndogo ndani yake. Sensa zake, yaani vifaa vya kuhisi, zilisoma mwendo mara 50 kila sekunde, na goti likakaza au kulegea kulingana na hatua. Wengi waliohamia magoti ya aina hii hujikwaa na kuanguka mara chache zaidi, na husema hawalazimiki tena kuuwazia mguu. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa mno.

Maabara, hata hivyo, hazijakubali moja kwa moja. Kipimo kinachotumika sana ni kumtembeza mtu huku akitoa tatu tatu kutoka kwenye namba fulani, kisha kuangalia kipi kinayumba, hesabu au hatua. Kuna tafiti ambamo wavaaji walisema mzigo wa akili umepungua, lakini majibu yao ya hesabu hayakubadilika. Namwamini mvaaji. Dakika chache kwenye sakafu laini haziwezi kuonyesha uchovu wa mtu aliyeshinda kutwa nzima akipanda ngazi na kupishana na watu.

Ila goti hilo nalo lina masumbuko yake. Betri lazima ichajiwe, na ikiisha njiani goti hukaza. Magoti yenye mota, yanayosukuma mguu yenyewe, humtaka mvaaji ajifunze kuamini nguvu asiyoianzisha yeye.

Naona kiini cha tatizo kiko kwingine: kompyuta inajua mguu uko wapi, mwenye mguu hajui. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, waliwapandikizia watu 2 waliokatwa mguu elektrodi, vipande vidogo vya kupitisha umeme, kwenye neva iliyo pajani na kuziunganisha na sensa za wayo na goti. Walipohisi ardhi tena, walitembea kasi zaidi kwenye mchanga, na uchovu wa akili ukapungua. Watu 2 ni wachache, na upasuaji si jambo dogo. Lakini hawa waliongezewa hisia, si nguvu.

Na soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachovalishwa kwenye kisiki cha mguu uliokatwa, ikibana vibaya, akili yote itakuwa kwenye maumivu, hata goti liwe la namna gani.