Ukuta wa Marekani na Meksiko unawamaliza wanyama, na sisi huku tusidhani hautuhusu

Novemba 2021 kuna mbwa mwitu mmoja dume (wolf, siyo yule wa kwetu) alikuwa anashuka kusini kwenye jimbo la New Mexico, Marekani. Jina lake Mr. Goodbar, na shingoni alikuwa na kola ya GPS kwa hiyo wataalamu walikuwa wanaona kila anakokanyaga. Alipofika mpakani akakuta ukuta. Siku tano akawa anaambaa nao, anatafuta tu pa kupenya, kama kilomita 37 hivi, hakupata, mwisho akageuza akarudi kaskazini.

Mnaweza kusema ni mnyama mmoja tu. Sawa, lakini yule ni mbwa mwitu wa Meksiko, na hao walikaribia kabisa kutoweka duniani, waliopo leo wote wametokana na wanyama saba tu waliookolewa wakazalishwa. Saba! Ukoo wa namna hiyo unahitaji damu mpya kuliko kitu chochote, la sivyo wanabaki kuzaliana ndugu kwa ndugu. Dume kijana akiondoka kwa wazazi kwenda kutafuta jike na eneo lake ndiyo damu yenyewe inatembea hivyo, na upande wa Meksiko kuna mbwa mwitu wenzake waliorudishwa porini tangu 2011. Kilichokuwa katikati yao ni chuma.

Na hicho chuma siyo fensi ile tunayoijua sisi ya nguzo za miti na senyenge. Ni nguzo za chuma zimesimamishwa moja moja, nyingi zina urefu wa kama mita 9, na nafasi kati ya nguzo na nguzo ni sentimita 10, yaani upana wa kiganja. Panya anapita, mjusi anapita, sungura labda. Dubu, puma, kulungu, hata bata mzinga wa porini, hao wanabaki walipo. Watafiti waliotegesha kamera huko Arizona walitoa matokeo 2024 kwamba ukilinganisha na sehemu zenye vizuizi vya chini vya kuzuia magari, pale penye ukuta wanyama wanaovuka wanapungua kwa asilimia 86. Kuna sehemu wameacha vitundu chini kwa ajili ya wanyama, ila ukubwa wake ni kama karatasi ya A4. Vimesaidia wanyama wadogo na wa kati, hilo nalikubali kabisa na natamani vingekuwa vingi zaidi, lakini jagwa haingii kwenye tundu la karatasi.

Jagwa kwa asiyemjua ni yule paka mkubwa wa Amerika, ukimwona haraka utadhani chui ila kichwa kipana zaidi. Zamani walikuwepo mpaka ndani Arizona na Texas, wakawindwa wakaisha, jike wa mwisho anayejulikana upande wa Marekani aliuawa 1963. Tangu hapo kila jagwa aliyeonekana Arizona na kujulikana jinsia yake ni dume, na wote hao wametoka Meksiko kwa miguu yao. Mmoja wanamwita El Jefe, alipigwa picha na kamera za kutegesha kwenye milima ya Santa Rita hapo karibu na mji wa Tucson kati ya 2011 na 2015, halafu akapotea, watu wakajua keshakufa, kumbe yuko hai, 2021 kamera ikamnasa Sonora ndani ya Meksiko na wakamtambua kwa madoa yake. Kwa hiyo huyu aliweza kwenda na kurudi kwa sababu kulikuwa bado na mapengo. Ukiziba mapengo yote basi habari ya jagwa kurudi Marekani imeisha hapo, hakuna jike atakayekuja tena. Na mwaka 2025 ndiyo wameanza kujenga bonde la San Rafael, Arizona, kama kilomita 43 za ukuta mpya, sehemu ambayo ilikuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki wazi kwa hawa wanyama. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Maji nayo. Kuna chemchemi inaitwa Quitobaquito, ipo jangwani kabisa huko Arizona, karibu sana na mpaka, ni mahali patakatifu kwa watu wa kabila la Tohono O'odham na ina samaki na kasa ambao karibu huwapati kwingine. Mwaka 2020 wakati ukuta unajengwa pale, wakandarasi walikuwa wanachimba maji ya ardhini eneo hilo hilo kwa ajili ya zege, na mwaka huo huo bwawa la hiyo chemchemi likashuka mpaka tope likaonekana, wapo waliosema ni ukame na wapo waliosema ni visima, mimi nasema ukiwa na bwawa moja tu jangwani na kuna ukame ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutochimba maji karibu nalo. Halafu mvua ikija kwa nguvu takataka na matawi yanaziba kwenye zile nguzo, ukuta unageuka bwawa, maji yanatafuta njia yake. Agosti 2021 mafuriko yaling'oa mageti ya chuma ya ukuta huo kule kusini mashariki mwa Arizona.

Kinachoniuma zaidi ya yote ni sheria. Marekani ina sheria nzuri sana ya kulinda viumbe walio hatarini, ya 1973, nchi nyingi zimejifunza kwao. Ila 2005 bunge lao lilipitisha sheria nyingine inayompa waziri wa usalama wa ndani mamlaka ya kuweka pembeni sheria yoyote anayoona inachelewesha ujenzi wa ukuta. Kwa hiyo mtu akitaka kujenga daraja dogo tu lenye fedha ya serikali analazimika kufuata sheria za mazingira, lakini ukuta wa mamia ya kilomita unakatiza milima, mito na hifadhi bila mtu kulazimika kuuliza nani anaishi pale. 2018 wanasayansi zaidi ya 2,500 walitia sahihi andiko la kupinga hali hiyo. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, sibishani na hilo, ila binadamu anaukata ule ukuta kwa msumeno wa dukani na anaupanda kwa ngazi, imeshatokea mara nyingi mno. Asiye na msumeno wala ngazi ni mnyama.

Sasa njoo huku. Pale Serengeti inapokutana na Maasai Mara mpaka wa Tanzania na Kenya ni mawe tu ya alama yaliyosimama kwenye nyasi. Mtalii haruhusiwi kuvuka kutoka geti la Sand River upande wa Kenya kwenda Bologonja upande wa Tanzania tangu mpaka ule ufungwe 1977, inabidi azunguke mpaka Sirari, lakini nyumbu kwa mamia ya maelfu wanapita kila mwaka wakifuata mvua. Tumebahatika na mara nyingine nadhani hatujui.

Maana Afrika nako tumeshafanya makosa haya. Botswana kuanzia miaka ya 1950 walijenga uzio mrefu wa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe, halafu ukaja ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumbu wa Kalahari wanaelekea kwenye maji wakakuta waya, wakafa makumi kwa maelfu. Kuna uzio mwingine ulijengwa huko huko 1968 ukakata njia ya pundamilia kati ya delta ya Okavango na Makgadikgadi, wakauondoa 2004. Miaka 36, hakuna pundamilia wa porini anayeishi hivyo, maana yake waliokuwa wanaijua ile njia walishakufa wote. Na bado baada ya miaka michache watafiti wakakuta pundamilia wanaifuata tena, zaidi ya kilomita 500 kwenda na kurudi. Nilivyosoma hilo nilifurahi sana aisee.

Ila kwetu fensi zinaongezeka. Nje ya Mara, kaunti ya Narok huko Kenya, ardhi imegawanywa kwa watu binafsi na wengi wanazungushia waya ili majani ya ng'ombe wao yasiliwe, watafiti walionya tangu 2017, na msafara mdogo wa nyumbu wa tambarare za Loita umeshapungua vibaya. Siwalaumu wenye mashamba hata kidogo, ardhi ni yao na watoto wanasoma. Zile hifadhi za jamii kama Naboisho na Olare Motorogi zinawalipa kodi ya ardhi kila mwezi ili waache wazi, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la maana zaidi linalofanyika pale, lakini fedha yenyewe inatoka kwa watalii, 2020 korona ilipokata utalii malipo yakapunguzwa. Serikali zote mbili zinakusanya hela nyingi kwa mgongo wa nyumbu, basi ziweke mfuko wa kulipa hiyo kodi watalii wasipokuja, kwa sababu malipo yakikosekana miezi kadhaa mfululizo mwenye shamba atakwenda kununua waya, na mimi ningekuwa yeye ningenunua.