Chungu cha nundu kiachiwe ngozi yake

Mafundi wengi wakipata nundu ya mti, ule uvimbe unaoota kwenye shina, huanza kwa kuikwangua mpaka iwe laini na duara kamili. Mimi naliona hilo ni hasara kubwa. Chungu cha duara unaweza kukikereza kutoka gogo lolote la mwembe. Nundu ina uso wake: matuta, mabonde, vijiba vidogo vidogo vinavyojitokeza mara tu gome linapobanduliwa. Ukiviondoa, umetupa kile kilichokufanya uibebe nyumbani.

Nundu huota mti unaposumbuliwa na jeraha, wadudu au kuvu, na mara nyingine sababu haionekani. Vichipukizi vingi hujikusanya mahali pamoja bila kufunguka kuwa matawi, na mti huendelea kunenepa kuvizunguka mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ndani nyuzi zimejipinda kila upande na kuacha vijicho vyeusi. Shoka halipiti kirahisi, kwa hiyo wapasua kuni huitupa kando, au inaingia nzima kwenye tanuri la mkaa. Huniuma kila nikiona.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Nundu mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unatoa umbo tu na kuacha ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana: chungu cha sentimita 20 kiachiwe ukuta wa sentimita 2. Kisha unakipaka nta na kukiweka kivulini, pasipo upepo, kwa miezi kadhaa. Mbao hunywea ikikauka, na kwa kuwa nyuzi za nundu hazina mwelekeo mmoja, mara nyingi chungu hujikunja badala ya kupasuka. Wapo wanaokereza mara moja hadi ukuta uwe mwembamba, wakakiacha kijipinde kitakavyo. Vyungu vya namna hiyo ndivyo nivipendavyo zaidi, ila vinataka mkono uliozoea. Patasi iwe kali muda wote. Mashine ya kukerezea ianze polepole, maana nundu haina uzito sawa pande zote, na vipande vya gome vilivyojificha ndani huchomoka na kuruka. Kinga ya uso na barakoa ni lazima.

Mdomo na tumbo la ndani vipigwe msasa hadi ving'ae. Nje, penye vijiba, brashi inatosha. Paka mafuta ya kitani kidogo kidogo. Vanishi nzito huifanya mbao ionekane plastiki. Na maji usitie: weka maua makavu, au tumbukiza bilauri yenye maji ndani yake.

Wachongaji wa Kimakonde wanalijua vizuri jambo hili la kuuachia mti umbo lake. Vinyago vya shetani, vilivyoshamiri Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1950, hufuata mipindo ya kipande cha mpingo chenyewe, na katika baadhi yake ile mbao ya nje yenye rangi nyepesi imeachwa ionekane kando ya weusi wa kiini. Mchongaji hakuona haja ya kuunyoosha mti kwanza.

Ila nundu isikatwe kwenye mti ulio hai. Kidonda chake ni kipana, na wadudu na kuvu huingilia hapo. Kule California wizi wa nundu za miti ya redwood ulizidi hadi mwaka 2014 barabara ya Newton B. Drury, inayopita katikati ya hifadhi, ikafungwa nyakati za usiku. Miti ile huweza kuchipua upya kutokea kwenye nundu za shinani, kwa hiyo mwizi huondoka na uzazi wa mti pia.

Kwetu miti huangushwa na mvua na upepo, mingine hukatwa kupisha nyumba na barabara. Zungumza mapema na wenye misumeno na wachoma mkaa, waambie utanunua nundu kwa bei inayozidi ya mkaa. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, muulize fundi mti wake aliupata wapi na ulikuwa katika hali gani.