Swichi ya klachi kwenye gari lililotolewa oto: kuifunga au kupiga dairekti?

Gari la oto likishavuliwa giaboksi na kuvishwa ya manyuali, unazungusha funguo na stata iko kimya. Umeme wa stata ulikuwa ukipita kwenye swichi ya P na N (Park na Neutral) iliyokaa ubavuni mwa giaboksi ya zamani, na sasa soketi yake inaning'inia. Fundi anaunga waya mbili za soketi hiyo, stata inalia, mteja anakabidhiwa gari. Ubishi ni kama kazi iishie hapo, ndiyo kupiga dairekti, au waya hizo mbili zipelekwe kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili stata isilie mpaka klachi ikanyagwe.

Wanaopiga dairekti wana hoja. Magari mengi ya manyuali ya zamani hayakuwahi kuwa na swichi hii, na madereva wake walizoea kukanyaga klachi kabla ya kugusa funguo. Hewa ya pwani nayo inaotesha kutu ya kijani kwenye pini za soketi. Siku moja gari linagoma kuwaka katikati ya foleni ya Barabara ya Mandela. Tena likizima juu ya reli, gia ya kwanza na stata bila klachi vinaweza kulivuta likatoka. Toyota wenyewe waliliona hilo: Tacoma za manyuali zinazouzwa Marekani zina kitufe cha kuizima swichi kwa muda. Ila ujanja huo usiujaribu kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani. Maji yakishaingia kwenye silinda, kulazimisha stata ni kutafuta konrodi (mkono wa pistoni) iliyopinda.

Kubwa zaidi, swichi inasoma pedali tu, haijui klachi yenyewe inafanya nini. Kama pampu ya juu, ile inayosukumwa na pedali ya klachi, inavuja au hewa haijatolewa kwenye mfumo, pedali inafika chini, swichi inaruhusu, na klachi haijakata. Gari linaruka vilevile.

Hata hivyo, fikiria kivuko cha Magogoni, magari yamebanana bampa kwa bampa, injini zimezimwa, na wengi wameacha gia imeingia: anayewasha bila kukanyaga klachi anamgonga wa mbele. Au gari lenye alamu ya kuwasha kwa rimoti, iliyofungwa enzi za oto na haikutolewa. Ukibonyeza ukiwa dirishani, gari lililoachwa kwenye gia linatembea bila dereva. Alamu hiyo pekee inatosha kuifanya dairekti isikubalike, na hata ukifunga swichi, alamu yenyewe iondoe kabisa.

Kwa waya, swichi si kazi kubwa kuliko dairekti, kwa sababu waya ni zilezile mbili. Kinachowashinda wengi ni kuchagua swichi. Baadhi ya pedali zina mbili: ya juu huguswa pedali ikiwa imepumzika, na mara nyingi ni ya kuzima kruzi (mfumo wa kushika mwendo); ya chini hufunga saketi pedali ikikaribia sakafu. Unayoitaka ni ya chini. Weka multimita (kipimio cha umeme) kwenye mlio: kimya pedali ikiwa juu, mlio ikikanyagwa. Ukisikia kinyume, umeshika isiyo yake.

Kisha angalia kama kuna rilei ya stata, yaani swichi ya sumaku ambayo umeme mdogo wa koili yake huwasha umeme mkubwa. Ikiwepo, swichi inabeba umeme mdogo wa koili na itadumu. Isipokuwepo, umeme wote wa solenoidi (sumaku ya stata) utapita kwenye swichi ndogo ya pedali, na pointi zake zitaungua. Ongeza rilei ya ampea 30: pini 30 kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwenye stata, 86 ipokee waya wa stata kutoka kwenye funguo baada ya kupita swichi ya klachi, 85 ethi. Wapo wanaoweka swichi upande wa ethi kwa kuwa ni rahisi. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, swichi inakuwa kama haipo na hakuna atakayejua. Upande wa chanya, ukigusa bodi fyuzi inakatika unapowasha. Ni usumbufu, lakini unaonekana.

Waya nyingine mbili za soketi ya zamani ni za taa za riva. Zipeleke kwenye swichi ya riva ya giaboksi mpya. Kompyuta ya oto ikibaki, baadhi ya Toyota husoma laini hiyohiyo ya stata kujua kama gari liko N, kwa hiyo sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikibadilika kidogo baada ya kazi usikimbilie kufungua throto.

Kwa anayeogopa kukwama njiani, kitufe cha springi kilichofichwa, cha kuiruka swichi ya klachi, kinatosha, kile kinachoachia mkono ukitoka. Swichi ya kubaki imewashwa itasahaulika humo, na utakuwa umerudi kwenye dairekti.

Marekebisho ya mwisho yafanyike mpira mnene wa miguuni ukiwa mahali pake, maana wenyewe unapunguza safari ya pedali. Weka vigingi kwenye magurudumu mengine, inua kwa jeki gurudumu moja tu la kuendesha, achia hendibreki, zima injini, ingiza gia ya kwanza. Kanyaga polepole mpaka multimita ilie, ushikilie hapohapo, na mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, swichi inafunga mapema: isogeze kuelekea sakafu. Likigoma hata pedali ikiwa chini kabisa, tatizo si la umeme. Rudi kwenye pampu.