Mashine ya Shemeji Inafuga Sufi

Watu wa bara wakisikia Mombasa hudhani sisi nguo tunaanika tu, jua linafanya kazi, nasi tumekaa tunakunywa madafu. Hebu njooni mwezi wa Mei! Njooni muone shati linavyokaa kwenye kamba siku tatu, mvua ikilifua upya kila alasiri bila kuombwa, mpaka linaanza kunuka kama mkeka uliosahaulika msalani. Na siku jua likitoka, kamba za juu ya ghorofa zimeshatekwa na Mama Zuhura wa nyumba ya nne, ambaye wallahi naamini anafulia mtaa mzima wa Tudor. Ukibahatika ukapata nafasi ya dhiraa moja, kunguru keshakuona. Ijumaa, saa tano na nusu, kanzu nyeupe imekauka, unaifuata uivae: pwaa! Begani.

Kwa hivyo shemeji yangu alipotuletea mashine ya kukaushia nguo, mtumba wa Dubai, nilimwombea dua. Akaniambia, "Shemeji, unaingiza zimerowa, unatoa zimekauka, basi."

Basi! Mtu akikwambia "basi" mwogope.

Miezi ya mwanzo nilikuwa sultani. Kikoi dakika arubaini, kinatoka na vuguvugu lake kama mkate wa mofa. Kisha kikoi kikawa cha saa nzima. Kisha saa mbili, na ukikishika bado kina ubichi wa mbali. Na mashine hii inakula kilowati 2 na nusu, maana yake kila saa moja inanimezea yuniti mbili na nusu za tokeni. Nikawa nasimama mbele ya mita natazama nambari zikishuka kama mtu anayetazama maji ya mtungi uliotoboka. Nikalaumu stima. Nikalaumu mtumba. Nikamlaumu mke wangu kwamba hakamui leso vizuri, na hilo nililijutia siku mbili, chakula kilipikwa cha watu watatu na sisi tuko wanne.

Fundi akaja, akaigonga gonga kama mtu anayechagua tikiti maji Marikiti. "Bosi, waya wa joto umechoka." Akachukua elfu tatu na mia tano, akaniachia waya mpya na nguo mbichi.

Aliyegundua ni mama mkwe. Alivuka feri kutoka Likoni kuja kuwaona wajukuu, akapita kwenye kile chumba cha kufulia, akasimama. "Mwanangu, huu ukuta mbona unatoka jasho?" Nikasema, mama, ni joto la Mombasa. Akaninusia hewa, akatikisa kichwa. "Hapa pananuka kama nguo iliyoachiwa pasi. Hii mashine yenu inapumulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi nayo miezi tisa sijawahi kujiuliza inapumulia wapi.

Nikachomoa plagi, nikafungua mlango wake. Kumbe pale mdomoni kuna kichujio, unakivuta juu kinatoka kama kidroo. Mimi miezi tisa nilidhani ni pambo. Kilikuwa na sufi, zile nyuzinyuzi zinazong'oka nguoni, imejishindilia unene wa chapati mbili, rangi ya jivu, na ndani yake imepita misuko ya wekundu wa leso, kifungo cha sare ya shule, na unywele mmoja mrefu. Mke wangu akauvuta taratibu, akauinua penye mwanga. "Huu wa nani?" Kazi yote ikasimama. Tukapima na kichwa chake mwenyewe, alhamdulillahi, ukalingana.

Hayo ni ya kichujio. Nyuma ya mashine kuna paipu ya inchi 4, ya plastiki yenye mikunjo kama matumbo, niliyoisukumia ukutani mimi mwenyewe ili mashine isizibe njia. Imebanwa bapa. Kila mkunjo umeshika sufi yake. Nilipoivuta ikatoka bonge zima, mwanangu mdogo akapiga kelele: "Baba, paka!"

Na kule nje, ambako paipu inatokea ukutani, aibu yenyewe. Jurawa walitaka kujenga kiota mle, nami kwa akili zangu nikafunga wavu wa banda la kuku. Nilijisifu wiki nzima. Wavu ule ulikamata kila unyuzi uliopita mpaka ukawa jamvi. Mvuke wa nguo hauna pa kutokea, unarudi ndani, na joto nalo linarudi, mashine inachemka mpaka inajizima yenyewe. Kumbe jurawa walikuwa na nafuu.

Mama mkwe akachukua fungu dogo la ile sufi, akatoka nalo barazani, akawasha kijiti cha kibiriti. Fuu! Liliisha kabla sijamaliza bismillahi. Akageuka akautazama mtungi wa gesi, ulioko hatua moja na nusu kutoka kwenye mashine. Hakusema neno.

Mpwa wangu, ambaye simu imeota mkononi mwake, akatusomea kwamba Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2010, walikadiria mioto 2,900 ya mashine hizi kila mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutozisafisha. Ahsante, mwanangu. Mtu ananyongwa, wewe unampimia kamba.

Mtungi ukahama siku hiyo hiyo. Nikaenda Mwembe Tayari kutafuta paipu ya bati, maana ya plastiki ikipata moto haikusubiri. Fundi (mwingine) alitaka kuifunga kwa skurubu, nikamkatalia kama msomi: ncha za skurubu zikitokeza ndani zinakamata sufi. Tukaunga kwa tepu ya foili. Nje tukaweka kilango chepesi, upepo wa mashine ukija kinafunguka, ukikatika kinajifunga. Jurawa wamekaa juu ya waya wanakitazama kwa chuki.

Sasa kikoi kimerudi dakika arubaini. Lakini sultani yuko wapi? Kila ikizima nachomoa kichujio nakifuta kwa vidole. Wala siruhusiwi kulala mashine ikienda, wala kutoka, amri ya mama mkwe. Juzi nimekaa kwenye kibao mbele yake kama askari wa benki, usingizi ukaniiba kidogo tu, mke wangu huyoo: "Baba Salim! Mama alisemaje?"

Na mama ndiye kaniagizia mfuko, anataka sufi yote nimkusanyie, eti ni laini kuliko ya mti, atajazia mto. Nimemwambia kwa adabu zote, mama, hiyo ni baruti. Akasema hapana neno, mto wenyewe ni wa shemeji yako.