Kumfunga mbwa GPS: kabla hujatoa hela jiulize kwanza anapoteaje

Wiki mbili zilizopita mtaani kwetu Sakina, Arusha, kulikuwa na kesi ya kuku. Mama Neema kaamka asubuhi kakuta kuku wake wanne wamekufa uani, manyoya mpaka njiani, akanyoosha moja kwa moja kwa Baba Kelvin maana ndo mwenye mbwa mkubwa kuliko wote pale, chotara la jamani shepadi linaitwa Simba kama nusu ya mbwa wa nchi hii. Anataka alipwe. Baba Kelvin badala ya kuomba radhi katoa simu mfukoni, "dada yangu, hebu tuangalie kwanza GPS inasemaje." Tukabaki tunaangaliana. Kumbe mbwa ana GPS shingoni tangu mwezi wa tatu na sisi tulijua ni ile mikanda ya kuzuia kupe.

Simu ikaonesha kidoti cha mbwa, saa tisa usiku, kiko palepale kwenye ukuta unaogawa viwanja viwili. Baba Kelvin anasema unaona, alikuwa kwangu. Mama Neema naye anasema unaona, alikuwa kwangu! Na wote wako sawa, hapo ndo pagumu, maana GPS ya kawaida hata anga likiwa jeupe kabisa inakosea kama mita 5 hivi, na ukuta wenyewe ni wa tofali za inchi sita.

Mi kazi yangu ni kufunga GPS kwenye vyombo, bodaboda zaidi, zile za mkataba ambazo mwenye pikipiki anataka ajue dereva kaenda wapi. Kwa hiyo tangu siku ile kila nikipita mtu ananisimamisha, kaka na mimi wa kwangu nimfunge? Wengine wanacheka tu kwamba mbwa kawa boda. Nimesikiliza pande zote mbili, sa ngoja niseme ninavyoona mimi.

Wanaopinga wana hoja bana, tusiwadharau. Kuna mzee pale kijiweni alisema mbwa anayejua kwao atarudi, asiyejua hata umfunge mnara wa simu utampoteza. Kuna ukweli hapo. Mbwa wetu wengi hawapotei, wanatembea. Mchana kafungiwa bandani, usiku anafunguliwa alinde, na kama ni dume ambaye hajahasiwa akinusa jike yuko kwenye joto huko Ngaramtoni hakuna geti litakalomzuia, na majike wanaingia joto kama mara mbili kwa mwaka kwa hiyo hiyo safari haiishi leo wala kesho. Ukimhasi uzururaji unapungua sana na unalipa mara moja tu yakaisha, wakati GPS haimzuii kitu, inakuonesha tu kidoti kinavyokimbia kuelekea Ngaramtoni na wewe umekaa kitandani unakodoa macho kwenye simu. Kwa mbwa wa namna hii nakushauri anza na daktari wa mifugo, halafu geti, halafu andika namba ya simu kwenye mkanda kwa maka isiyofutika, hiyo haihitaji chaji wala bando.

Ila upande wa pili nao wana lao. Kuna mbwa anayepotea kweli. Mkesha wa mwaka mpya fataki zinalia mji mzima, mbwa anatoka mbio bila kuangalia nyuma na asubuhi yuko mtaa asioujua. Au umehamia juzi kutoka Moshi kwenda Moshono, mbwa hajazoea, mgeni kaacha geti wazi. Au ni mbwa wa bei ambaye mtu anaweza kumbeba. Hapo lisaa la kwanza ndo lina thamani, na hapo sibishani na mtu, GPS inaokoa.

Tatizo watu wakishakubali wanakimbilia kitu rahisi, wananunua AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea. Kidude kizuri, kina gramu 11, betri yake ya kidonge, CR2032, inakaa kama mwaka, na tangu itoke 2021 ilikuwa inauzwa dola 29 huko kwao. Lakini AirTag haina GPS ndani! Inatoa mawimbi ya Bluetooth ya karibu karibu, na ili ujue iko wapi lazima ipite karibu na iPhone ya mtu mwingine, simu hiyo ndo inapeleka taarifa kimyakimya. Sasa niambie, kutoka Sakina mpaka Ngaramtoni saa tisa usiku utakutana na iPhone ngapi? Huku watu wana Tecno, Infinix na Samsung. Mjini kati mchana, maeneo ya Clock Tower wanapopita watalii, inaweza ikakushangaza, ila mbwa wako hapotelei Clock Tower. Samsung wana SmartTag yao inayotegemea simu za Galaxy, na Google nao walianzisha mtandao wa simu za Android 2024, huo kwa hapa kwetu una mantiki zaidi sababu Android ndo zimejaa, ila bado unategemea mtu apite. Korongoni hapiti mtu.

Na kama unamwekea AirTag kwa ajili ya wezi, jua kwamba Apple wameitengeneza imwambie mtu kama inamfuata, simu yake inapata ujumbe, na ikikaa mbali na mwenye nayo kwa masaa inaanza kulia yenyewe. Yani mwizi anapewa taarifa. Apple wenyewe wamesema ni ya vitu, sio ya wanyama. Afu mbwa akiitafuna ile betri ya kidonge akaimeza inamuunguza kooni, sio mchezo.

Sa tuje kwenye GPS yenyewe, yenye laini, na hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu yangu. Inafanyaje kazi, kifaa kinasikiliza satelaiti kinajua kiko wapi, halafu kinatumia mtandao wa simu kukutumia wewe. Ni vitu viwili, watu wanavichanganya. Satelaiti ziko kila mahali, mtandao hauko kila mahali. Mwaka jana mteja wangu katumiwa kola, yani mkanda wa shingoni wenye GPS, na ndugu yake wa Marekani, imara, haiingii maji, kaniletea niiwashe. Haikuwaka mtandao hata siku moja. Kola nyingi za kule, kwa mfano hizi za kampuni ya Fi wanazozisifia, zinategemea LTE-M, mtandao wa simu wa vifaa vidogo, wa kulekule kwao, huku inabaki mkufu. Na zile za zamani za 2G za Marekani zilitumia masafa ya megahezi 850 na 1900 wakati sisi huku ni 900 na 1800, kwa hiyo soma boksi kabla hujashawishika na picha ya mbwa anayetabasamu.

Kinachofanya kazi huku ni zile ambazo unaweka laini yako mwenyewe. Laini inasajiliwa kwa kidole na namba ya NIDA kama laini yoyote, unaondoa PIN ya laini, unakitumia kifaa meseji ya kukiwekea APN (jina la intaneti la mtandao wa laini yako), basi. Zingine unazitumia meseji inakujibu na linki ya ramani, hizo nazipenda kuliko apu maana hata simu ya mke wako ya kawaida inaweza kuuliza mbwa yuko wapi, ikajibiwa namba za eneo akamsomea mtu mwenye smatifoni. Data inayokula ni kidogo sana, ila bando likiisha tarehe 14 na mbwa akapotea tarehe 15 usije kwangu kulalamika. Na laini usiiache miezi bila kuitumia, itafungwa.

Chaji nayo. Pikipiki ina betri yake, GPS inanyonya pale haina shida, mbwa hana. Ukiiseti itume kila sekunde 10 betri inaisha upesi, ukiiseti kila dakika 10 inadumu, ila ndani ya dakika 10 mbwa anayekimbia ameshavuka mitaa miwili. Na mtandao ukiwa dhaifu kifaa kinahangaika kutafuta mnara kinakula chaji zaidi, kwa hiyo ukisoma kwenye boksi betri siku saba, kwa mtu wa Kibosho juu kule kwenye migomba na makorongo isome siku nne. Mimi ningesema ichajiwe kila Jumapili mbwa akiogeshwa, iwe ratiba, umeme ukikatika unahamishia kwenye pawabenki.

Kuna hii kitu inaitwa uzio wa kwenye simu, unachora duara kwenye ramani mbwa akitoka unapigiwa kelele. Inauzwa kama muujiza. Kwanza inakwambia akishatoka, sio kabla. Pili mabanda yetu ya mbwa ni mabati, bati linazuia mawimbi ya satelaiti, kidoti kinaanza kuruka huku na huku wakati mbwa kalala zake fofofo. Baba Kelvin alikuwa anaamshwa saa nane usiku kila siku mpaka akaizima. Sa ukishaizima umenunua nini?

Ambao wanaishi maporini kweli, wanaowinda au wana mifugo, kuna aina ya kampuni ya Garmin inayotumia redio, kola inaongea moja kwa moja na kifaa cha mkononi bila laini yoyote. Bei yake inauma na masafa ya redio yana utaratibu wake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa mtu wa mjini sioni sababu.

Na chipu ya chini ya ngozi sio GPS, naomba hili lieleweke. Ni namba ya tarakimu 15 tu, haina betri, mpaka mtu aliyemwokota mbwa ampeleke kwa mwenye mashine ya kusomea.

Kola za mazoezi sasa, zinazohesabu hatua na usingizi wa mbwa. Ndani kuna kifaa kinachohisi mtikisiko, basi. Mkanda ukilegea mbwa akijikuna inahesabu amekimbia. Wanaozisifia wanasema zinaonyesha ugonjwa mapema, na nakubali kiasi, kwa sababu cha maana sio namba ya leo ila mabadiliko, mbwa aliyekuwa anazunguka usiku kucha akianza kulala tu inaweza kuwa homa ya kupe na huku kupe ni wengi. Ila mtu anayempa mbwa wake ugali mwenyewe kila jioni ataona sahani haijaguswa bila apu. Faida kubwa niliyoiona ni ya mteja mmoja wa Njiro, alitaka kujua mbwa wake ananenepa kwa nini, akagundua mlinzi wake wa miguu minne analala kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa mbwa mzee, au mnene, au wa ndani, sawa. Kwa mbwa wa geti weka hela yako kwenye chanjo ya kichaa kila mwaka.

Kitu cha mwisho kinachonitia wasiwasi ni kampuni zenyewe. Nyingi zinataka ulipie kila mwezi, na kifaa bila seva zao ni plastiki. Whistle ya Marekani, waliokuwa wanatengeneza GPS za mbwa, ilikuwa chini ya Mars, hawahawa wa chakula cha mbwa cha Pedigree, 2025 ikauzwa kwa wenzao Tractive wa Austria na ilipofika tarehe 31 Agosti vifaa vya Whistle vikazimwa, wateja wakaambiwa wahamie huko. Kama huko kwao imewakuta, wewe uliyeagiza kwa kadi ya mtu utamlilia nani? Hii ndo sababu nyingine mi napenda ya meseji, hata aliyeitengeneza akifunga duka laini yangu bado inajibu.

Kuhusu kuku, yule mzee wa kijiweni aliitwa akaangalia maiti moja moja. Wameng'atwa shingoni, hawajaliwa. Akasema hii ni kazi ya kicheche, mbwa angebeba angalau mmoja. Mama Neema hakukubali, akasema kidoti kilikuwa ukutani na yeye amekiona kwa macho yake. Baba Kelvin kalipa kuku wawili kati ya wanne.