Simu ikufikishe kwenye chuma, kisha inyamaze

Mtu anaingia kwenye jimu ya wazi, vile vyuma vya mazoezi vilivyowekwa bustanini, anavizunguka, anashika kile cha juu, ananing'inia sekunde tatu, anashuka. Anapangusa mikono kwenye suruali na kuondoka. Nimeliona hili mara nyingi, na siamini kwamba shida yake ni uvivu. Mvivu asingefika. Kilichomshinda ni kutojua aanzie wapi, na kibao cha maelekezo pale pembeni kimeshapauka kwa jua.

Hapo ndipo wanaponishika wale wanaotaka jimu hizi ziwe na programu za simu za kufundisha mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na zile dakika 150 au zaidi za kutembea haraka na mfano wake. Kutembea hakuhitaji mwalimu. Kujenga nguvu kunahitaji, hasa nje, maana vyuma vingi vya bustanini havina mawe ya kuongeza: mzigo ni mwili wako mwenyewe. Misuli isipoongezewa kazi haisongi mbele, kwa hiyo inabidi kubadili mkao. Pushapu unaanza umeegemea chuma cha kiunoni, unahamia cha chini zaidi, mwishowe unafika ardhini. Yule aliyeshindwa kujivuta angeambiwa apande juu ya kitu imara hadi kidevu kipite chuma, kisha ajishushe polepole huku akihesabu hadi tano. Kushuka huko tu kunajenga nguvu. Video ya nusu dakika ingetosha kumwonyesha, na simu ingemkumbushia wiki iliyopita aliishia wapi.

Wanaopinga nao wana ushahidi. Pokémon Go, mchezo wa simu unaomtaka mchezaji atembee huku na huko, ilipotoka mwaka 2016, utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ ulionyesha kwamba wachezaji waliongeza hatua 955 kwa siku katika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi pale pale walipoanzia. Huko kulikuwa kutembea, na sioni kwa nini medali za kwenye skrini zidumu zaidi palipo na maumivu ya mikono. Tena simu iliyo mfukoni huhesabu hatua vizuri, lakini haioni mgongo uliopinda. Na anayefanya mazoezi peke yake alfajiri ana haki ya kuuliza nani anatunza kumbukumbu za mahali alipo na saa aliyofika.

Hata hivyo naegemea upande wa programu, kwa sharti moja: ifundishe, isibembeleze. Isipimwe kwa mara inazofunguliwa, kwani mtu aliyekwisha kulijua zoezi hana haja ya kuifungua. Ninachokihofia zaidi ni wasimamizi wa bustani kuifanya kisingizio, nati zilegee na mkufunzi asiajiriwe kwa kuwa "kila kitu kipo kwenye simu".

Kibao kile kipakwe rangi upya, programu iwepo isiwepo. Kuna bibi wa miaka 70 mwenye simu ya vitufe, na mwongozo ule ule unawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke.