Ngumi nzito kuliko zote: tuamini rekodi, mashine au aliyepigwa?

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, ubishi wa ngumi hauhitaji kuchokozwa. Tangu Hassan Mwakinyo, kijana wa mji huu, amalize kazi na Sam Eggington kwa raundi mbili tu kule Birmingham mwaka 2018, kila mwenye kikombe cha kahawa ni mchambuzi. Ila Mwakinyo si wa uzito wa juu, na ubishi unaopandisha sauti ni wa uzito wa juu: nani alikuwa na konde zito kuliko wote? Vijana wanamtaja Deontay Wilder, na klipu wanazo kwenye simu. Wazee wanamtaja George Foreman, na ushahidi wao ni kumbukumbu.

Hoja ya vijana ni hesabu. Wilder alipokutana na Tyson Fury kwa mara ya kwanza, Desemba 2018, alikuwa ameshinda mapambano 40, na 39 kati ya hayo kwa KO, yaani mpinzani hakufika kengele ya mwisho. Foreman alistaafu na ushindi 76, KO 68. Kwa asilimia, wanasema, Foreman haoni ndani.

Mimi asilimia hainitishi. Mapambano 32 ya kwanza ya Wilder yote yaliisha ndani ya raundi nne, na wengi katika hao walikuwa vibonde. Siku alipopewa bingwa wa kweli, Bermane Stiverne, Januari 2015, alikwenda raundi zote 12 akashinda kwa pointi. Kumsifu bondia kwa idadi ya KO bila kuuliza alimpiga nani ni sawa na kumsifu mvuvi kwa idadi ya samaki bila kuuliza kama ni dagaa au nguru. Na kama bado mnaipenda asilimia, mtazameni Frank Bruno wa Uingereza: mapambano 45, KO 38. Foreman: mapambano 81, KO 68. Ukigawanya, wote wanagota kwenye 84 hivi, Bruno akiwa mbele kwa unywele. Sijamsikia mtu yeyote Tanga, mzee wala kijana, akimweka Bruno juu ya Foreman.

Bruno huyohuyo ndiye aliyepimwa na wanasayansi mwaka 1985. Ngumi yake ilikwenda kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde na kutua kwa nguvu ya newtoni 4,096, mfano wa mzigo wa kilo 400 hivi. Takwimu tamu, lakini kifaa hakikwepi, hakirudishi na hakina kidevu. Kinachomzimisha mtu ni kichwa kuzungushwa ghafla na ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ngumi nyepesi inayotua pembeni mwa kidevu wakati mtu hajaiona, shingo haijajikaza, inaweza kumlaza, na nzito zaidi ikamgonga kwenye paji la uso akabaki amesimama. Francis Ngannou wa Kamerun alisifiwa sana kwa namba aliyopata kwenye mashine ya kupima ngumi. Ni kweli alimwangusha Fury Oktoba 2023. Lakini Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha raundi ya pili.

Basi tumwulize aliyepigwa? Hapa ndipo wazee wanapojiona wameshinda, na hapa ndipo pana mtego. Shahidi anayetajwa sana ni Muhammad Ali, aliyekwenda raundi 15 na Earnie Shavers mwaka 1977, kisha akatania kwamba ngumi za Shavers ziliwatikisa hata ndugu zake walioko Afrika. (Wazee wa hapa wanaapa kwamba hawakusikia kitu.) Shahidi mwingine ni Larry Holmes. Mwaka 1979 Shavers alimlambisha sakafu raundi ya saba, Holmes akainuka na kummaliza Shavers raundi ya 11. Kwa miaka mingi Holmes amekuwa akimtaja Shavers alipoulizwa nani alimpiga kwa nguvu zaidi.

Lakini Holmes huyo alipigana na Mike Tyson Januari 1988. Raundi ya nne alianguka mara tatu na pambano likaishia hapo, na katika mapambano yake yote 75 hiyo ndiyo mara pekee aliyopigwa kabla ya kengele ya mwisho. Mnaniona ninapokwenda? Ngumi ya Shavers anaikumbuka kwa sababu alibaki na akili ya kuikumbuka. Aliyezimishwa hana cha kusimulia. Ushahidi wa waliopigwa unatuletea ngumi zilizouma, na unaziacha zile zilizofuta kumbukumbu.

Ndiyo maana mimi natazama kitu kingine: aliyeinuka anafanya nini katika nusu dakika inayofuata. Joe Frazier alimwangusha Ali raundi ya 15 mwaka 1971 kwa mkono wa kushoto, Ali akainuka na kumaliza pambano. Foreman alimpata Frazier huyohuyo Kingston, Jamaika, Januari 1973, akamwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Frazier aliinuka kila mara, jasiri yule, lakini hakurudi kamwe kuwa bondia usiku ule. Sasa mtazameni Fury dhidi ya Wilder mwaka 2018, raundi ya 12: alilala chali kama maiti, akainuka kabla refa hajahesabu kumi, na raundi ilipoisha ni yeye aliyekuwa akimsogelea Wilder. Mwaka 2021 akaangushwa mara mbili raundi ya nne, na raundi ya 11 akamzimisha Wilder.

Mtasema huko ni kumalizia, si uzito wa ngumi. Kwa sehemu ni kweli: Foreman alijua kumfuata mtu aliyejeruhiwa, na alikuwa na mikono miwili ya kazi ilhali Wilder anategemea wa kulia. Lakini Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na nyuma kwa majaji wote watatu, Foreman hakuhitaji kumfuata Michael Moorer. Ngumi moja ya kulia iliyotua vizuri raundi ya kumi ilimaliza hesabu. Kinshasa mwaka 1974, Foreman alipopigwa na Ali, hainibadilishi mawazo. Ali aliegemea kamba akampa mikono na mbavu apige mpaka achoke, na anayebuni mpango mzima wa kukwepa kidevu chake kuguswa anajua anachokiogopa.

Hata hivyo wenye Wilder wana hoja moja ambayo wazee wanairuka: kilo. Foreman na Frazier usiku ule wa Kingston walikaribiana, kilo 99 kwa 97. Wilder wa 2018 alikuwa na kilo 96 na Fury 116, na bado jitu lile lilikwenda chini mara mbili. Mwaka uliofuata, Luis Ortiz akiwa anamwongoza kwa pointi, kulia moja tu ya Wilder katika raundi ya saba ilimaliza kila kitu. Kwa hiyo Foreman namweka mbele, lakini kwa hatua moja, si kwa umbali ule wanaoutaka wazee.